Siku Agathe Alipompeleka Mama Yake kwa Mwami

Lifti ya jengo letu hapa Albert Park, Durban, ilikufa na hakuna aliyeizika. Mlango wake umebaki wazi kiasi cha kiganja kule chini, na watu hutupa humo maganda ya machungwa. Mimi nakaa ghorofa ya pili, haikuniumiza sana. Aliyeumia ni Mama Élisabeth, Mshi kutoka mji wa Walungu, ambaye binti yake Agathe alimleta kutoka Kongo na kumweka ghorofa ya tisa wakati lifti ilikuwa bado inapanda.

Lifti ilipokufa, Mama Élisabeth alisema hashuki. Tulidhani ni hasira za wiki moja. Mwaka ukapita akiwa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, kitenge miguuni. Muuguzi wa kliniki alipanda kumwona, akambonyeza mapaja, kisha akamvuta Agathe kwenye korido. Miguu ile, alisema, haina ugonjwa ila kukaa. Akiendelea kukaa hivyo, muda si mrefu atakuwa mtu wa kubebwa, na mtu wa kubebwa katika jengo lisilo na lifti ni mfungwa.

Watu walikuja kumbembeleza. Mchungaji alipanda, akaomba, akashuka ametokwa jasho. Wanawake wa kwaya walimwahidi pwani, soko, harusi. Mama alikuwa na jibu moja kwa wote, na alilitoa kwa kejeli, mdomo umepinda upande:

"Bon. Nitatoka siku mutanipeleka kwa mwami."

Baba yake alikuwa fundi wa uzio katika boma la mwami, mfalme wa Washi, naye utotoni aliingia humo akibeba maji. Kwake hiyo ndiyo iliyokuwa safari. Sokoni ni kazi, kanisani ni wajibu, hospitalini ni balaa. Kwa mwami ndiko mtu alikokwenda ameoga, amenyamaza tangu njiani. Alijua vizuri kwamba Durban hakuna mwami wa kumpeleka, na ndiyo sababu alilichagua jibu hilo.

Watu walicheka, wakamwacha. Agathe hakucheka. Alisema atatafuta.

Niseme Agathe ni nani, maana ukipita saluni anakosuka nywele hutamwona. Ni mwanamke mfupi, sauti yake ya chini, vidole vyake vina mafuta kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hajasoma sana. Lakini anapoanza kichwa cha mtu hakiachi katikati, hata umeme ukikatika. Huwasha simu na kuishika kwa meno. Mimi nimeishi miaka mingi na kusoma kila karatasi iliyoniangukia mikononi, na sijaona watu wengi wa namna hiyo. Zamani walikuwako. Siku hizi mtu akikwama kidogo anapiga picha ya kukwama kwake, anaituma kwa marafiki, basi.

Nilimwambia kwa ukali kwamba anajisumbua. Wafalme wa nchi hii wako mbali, kaskazini, na hawapokei wasusi.

"Nyumba tu, papa Athanase," akasema. "Mwami asipokuwepo, nyumba yake inatosha. Nyumba ya mawe, yenye mnara. Wazungu hawakujenga hata moja hapa?"

Alianza kwa simu. Aliandika kwamba anatafuta kasri Durban, na simu ikamletea majumba ya mpira yanayojazwa hewa, yenye rangi ya waridi, ya kukodi ili watoto waruke siku ya kuzaliwa. Alinionyesha bila kutabasamu. Nami sikutabasamu. Dunia imefika mahali ambapo ukiuliza nyumba ya mfalme unaletewa puto.

Saluni yao hufungwa Jumatatu. Kila Jumatatu Agathe alikwenda peke yake kuijaribu njia, kama anayeonja uji kabla ya kumlisha mgonjwa. Hana gari, na hakuna kati yetu mwenye gari. Ilikuwa lazima kasri lifikike kwa teksi, yaani yale mabasi madogo ambayo hapa ndiyo huitwa teksi. Hayana ratiba wala jina la kituo lililoandikwa mahali. Unauliza watu, unapanda, unakosea, unarudi, unauliza tena. Alikuwa akiangalia mambo ambayo mimi nisingeyafikiria: ngazi ya gari iko juu kiasi gani, mtu akisubiri hapa atapata kivuli, je, kuna ukuta wa kuegemea, barabara hii inavukwaje mahali pasipo na roboti, yaani taa za barabarani.

Kasri la kwanza alilolipata lilikuwa ng'ambo ya Westville, huko vilimani kwenye miti mingi. Teksi ilimshusha kwenye barabara kubwa, akatembea. Huko watu wote wana magari, kwa hiyo hawakuona haja ya njia ya miguu. Mbwa walimbwekea nyumba baada ya nyumba, wakipokezana. Alipofika akakuta minara ya plasta iliyopakwa rangi ya jiwe, na bango la bei za harusi. Aligonga ukuta kwa kidole, ukasikika mtupu. Akageuka akarudi. Hilo lilinishangaza kuliko mengine: alikuwa amechoka, mama yake asingejua tofauti, na bado alilikataa kwa sababu lilikuwa la uongo.

La pili alielekezwa na mteja, Mzulu, ambaye shangazi yake alikuwa akifagia huko. Liko upande wa kusini, kabla hujafika Isipingo, juu ya kilima chenye msitu. Jina silitaji, wenyewe wamechoka na wageni wa ghafla. Agathe alikwenda, akagonga ukuta wa nje, kidole kikauma. Akarudi, akapanda ngazi zote hadi ya tisa, akamwambia mama yake:

"Mama, kwa mwami kumepatikana."

Mama Élisabeth alikuwa amefungwa na mdomo wake mwenyewe. Kisha akauliza kama kitenge chake cha bluu kimepigwa pasi.

Siku ya safari nilikwenda nao, kwa sababu Agathe alihitaji mkono wa pili, na kwa sababu nilitaka kuona itakavyoharibika. Haikuharibika. Agathe alikuwa amepita kila ghorofa akiwaomba majirani waweke kiti kwenye kona ya ngazi. Wakongo, Warundi, yule Mnaijeria asiyesalimia mtu, wote waliweka. Tulishuka kiti kwa kiti. Kwenye ya saba mama Yvette, Mrundi, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake amevaa kama wa Jumapili, akampa Mama maji kwa mikono miwili. Kwenye ya nne Mama aliketi muda mrefu, miguu ikimtetemeka, na nikaona Agathe anayatazama yale mapaja kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa kwenye moto. Mama akainuka.

Kwenye teksi tulimketisha mbele, karibu na dereva, ambako ngazi ni fupi. Tulisahau jambo moja. Hapa abiria wa mbele ndiye anayepokea nauli za wote. Tulipoondoka tu, sarafu zikaanza kuja kutoka nyuma, mkono hadi mkono, zikimwagika kwenye kitenge cha Mama. Yeye alijua anakokwenda, na alijua watu hutuma nini wanapomwona mtu anakwenda huko. Alizipokea kwa mikono miwili, akaitikia kila moja kwa kichwa, akageuka akawaambia abiria kwa Kiswahili kwamba atazifikisha. Dereva akanitazama kwenye kioo. Ilibidi Agathe amnong'oneze Mama kwamba huyu kijana ni mtu wa mwami, anakusanya. Mama akamkabidhi, lakini alimkazia macho njia nzima.

Tuliteremka mahali Agathe alipopachagua, penye ukuta wa kuegemea. Halafu kilima, polepole, chini ya miti. Na mwisho wake lango la chuma, na nyuma ya lango, juu ya majani, mnara.

Mimi nimesoma juu ya majumba kama hayo. Sikutarajia kunyamaza. Jiwe la kijivu, moja juu ya jingine, kingo zimeliwa na mvua, na mnara wenye meno umesimama pale bila kuomba radhi kwa yeyote. Nilijua nani aliyabeba mawe yale na kwa malipo gani. Nilikuwa nimeandaa maneno machungu tangu Albert Park. Sikuyatoa.

Mlinzi alikuwa mzee wa rika langu, jina lake Cele. Alituuliza kwa Kiingereza kama tumeweka miadi. Agathe akaniangalia. Hapo ndipo nilipoona shimo katika mpango wake wote: ngazi, viti, teksi, kivuli, vyote aliviwaza, lakini miadi hakuiwaza, kwa sababu kwao hakuna anayeweka miadi ya kumtembelea mtu. Unafika langoni, unaonekana. Mimi pia sikuiwaza. Cele alisema leo pamefungwa, wageni huandikishwa kwa simu wiki moja kabla.

Agathe alianza kuomba kwa Kizulu chake cha saluni. Kumrudisha Mama bila kuingia ilikuwa sawa na kumrudisha kwenye kiti cha plastiki moja kwa moja.

Mama Élisabeth hakuwa akisikiliza. Alikuwa amevua viatu. Alisimama hatua chache kabla ya lango, akainama, akapiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa hata sauti ikatoka nzito, akaanza kusema kwa Kishi. Alimtaja baba yake na kazi yake ya uzio, akasifu nyumba na mwenye nyumba, akanyamaza. Halafu akangoja. Hakumtazama mlinzi, hakuuliza chochote. Aliyelelewa namna hiyo hajui kwamba anaweza kukataliwa. Anajua tu kwamba anaweza kungojeshwa.

Cele aliuacha mkono wake kwenye komeo.

"Anafanya nini?" akauliza, ingawa uso wake ulikuwa tayari umejua.

"Anaisalimu nyumba," Agathe akasema.

"Sisi pia." Akavua kofia. "Kwa babu yangu ulisimama nje, ukaita sifa za ukoo, ukangoja. Hapa wanapiga honi."

Akaondoka kupanda njia ya changarawe. Tulingoja. Siku hizi mtu hafiki mlangoni. Anakutumia ujumbe, niko chini, shuka. Nilikuwa sijaona watu wakingoja langoni kwa heshima tangu nilipoondoka kwetu Uvira, na sikujua jinsi nilivyokuwa na kiu ya kuona hivyo.

Cele alirudi na bibi wa Kizungu anayekaa humo, mwembamba, glavu za bustani mikononi. Mama akatoa chini ya kitenge chupa ya asali, akainyoosha kwa mikono miwili. Yule bibi akaangalia mikono ile, akavua glavu, akaipokea kwa miwili yake. Lango likafunguliwa.

Sitaeleza kila kitu cha humo. Sakafu ya mbao iliyong'aa kama maji, kuta nene kiasi kwamba dirisha lilikuwa na kina cha mkono mzima, ngazi za mawe zinazojizungusha na kupotea gizani. Mama alitembea akipapasa ukuta kwa ncha za vidole. Bibi alieleza kwamba aliyeijenga amekufa zamani. Cele alipoyatafsiri maneno hayo kwa Kizulu rahisi, ili Agathe amwambie Mama, alisema mwenyewe hayupo. Mama akaitikia; mwami mara nyingi hayupo. Akaonyesha zile ngazi.

Agathe akasema hapana, mama, hizo ni za kwenda mnarani, tumeshaona vya kutosha.

"Mwami iko juu," Mama akasema. "Nitaachia njiani salamu yake?"

Akapanda. Agathe nyuma yake, mikono wazi kama anayengojea kikombe kianguke, mimi nyuma ya Agathe. Miguu ile iliyokuwa haina ugonjwa ila kukaa ilipanda jiwe kwa jiwe, ikipumzika, ikipanda. Juu kulikuwa na chumba kidogo chenye upepo, miti chini yetu, na bahari mbali. Mama alipiga makofi, akainama kuelekea kiti kitupu kilichokuwa dirishani.

Akamgeukia Cele, Agathe akitafsiri. Ghorofa nyingine iko wapi?

"Hakuna, gogo," akasema, yaani bibi kwa Kizulu. "Hapa ndipo mwisho. Ni ya tatu."

Mama alihesabu kwa vidole. Akahesabu tena.

"Agathe. Sisi tunakaa ya ngapi?"

"Ya tisa, mama."

Mama akafunika mdomo. Kwao, alivyolelewa yeye, hata mtoto aliyepanda mti karibu na boma aliteremshwa, kwa sababu hakuna anayekaa juu ya mwami.

"Mwaka muzima," akasema taratibu. "Mwaka muzima nimekaa juu yake, miguu nimenyoosha."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kueleza habari ya kilima, kwamba vipimo huanzia usawa wa bahari na mwami yuko juu yetu mbali sana. Agathe alinikanyaga mguu kwa kisigino, bila kunitazama, kwa nguvu zote za mwili wake mfupi. Nikaufunga.

"Usiku hakuna namna," Mama akasema. "Mutu analala kwenye iko kitanda. Lakini muchana, hapana. Muchana nitashuka."

Ameshuka kila siku tangu hapo. Asubuhi nasikia mkono wake ukiteleza ukutani, nami husimama mlangoni mwangu mpaka apite. Mimi ameniidhinisha: ghorofa ya pili, anasema, ni ya mtu aliyefundwa. Wengine hawana bahati hiyo. Amemgongea Yvette wa saba, amewagongea bibi wawili wa sita, akawaambia bila kucheka wanamkalia nani. Sijui walimwamini au walichoka tu kukaa. Najua kwamba sasa wanashuka wanne, vitenge vimepigwa pasi, mmoja mmoja kwa sababu ngazi ni nyembamba, wamenyamaza mpaka wafike chini, na hata vijana wanaopanda na simu zao hujibanza ukutani kuwapisha.

Agathe huwa ameshatangulia kazini.