Gari Lililopakwa Nta

Mjukuu wangu wa kike alikuja likizo kutoka Mwanza na gari la rimoti, kubwa kama kuku jike. Lilipanda tuta la viazi bila kuhema. Lakini siku ile ile mvua ya Nyamiaga ililitia adabu: liliingia dimbwini, likatetemeka, likanyamaza. Tulilianika kwenye kichanja cha vyombo kutwa nzima ndipo likafufuka.

Jirani yangu alilikuta hapo kati ya masufuria. Ni mama wa Kisukuma, familia yao ilihamia huku na ng'ombe wao zamani, na tangu hapo tunabishana nani mkubwa. Hakuna kati yetu ajuaye alizaliwa lini. Yeye hudai alikuwa anachunga ndama wakati mimi kitovu hakijakauka. Mwongo. Kwa hiyo hatupeani shikamoo kabisa. Asubuhi tunaitana "we mtoto" na kupita.

Akalitazama gari, akasema, "Hilo ni paka. Linaogopa maji."

Mdomo wangu ukatangulia akili. Nikamwambia Jumapili tukitoka kanisani litavuka kijito cha kisimani mbele ya watu wote. Likizama, mimi nitamwamkia. Yeye akapeana nami mkono, akasema naye atamwamkia atakayevuka maji. Kumwamkia yule! Afadhali nile majani na mbuzi.

Tukampigia mwanangu wa mwisho, fundi simu wa pale Ngara mjini. Akaeleza kwamba mota yenyewe haifi kwa kulowa mara moja. Kinachokufa ni ubongo, yaani kile kibao kidogo chenye nyaya. Tutoe betri, tukipake kibao rangi ya kucha, kikauke, tupake tena, ila pale nyaya zinapochomekwa tusipaguse. Halafu tuzibe kisanduku chake maji yasipite. Rangi aliyokuwa nayo mjukuu ilikuwa nyekundu. Ubongo ukapendeza kama bibi harusi. Iliyobaki akanipaka kucha za miguu.

Kuziba sasa, hapo sifundishwi. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, vikipasuka, kuanzia hapa mpaka Bugarama, huletwa kwangu nivizibe kwa nta ya nyuki, na hakuna kilichowahi kuvuja. Jumapili alfajiri nikayeyusha nta, nikaiacha ipoe kidogo, nikazungushia mfuniko wa kisanduku kwa kidole. Ikabaki nyingi. Mimi situpi nta. Nikaipaka rimoti nayo, kila upenyo.

"Bibi, rimoti haiingii majini," mtoto akasema.

Nikamjibu kwamba maji hayana macho, na asinifundishe kazi.

Baada ya misa kisimani palijaa watu. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi na nta ilikuwa imekauka kama jiwe. Mjukuu akabonyeza kitufe cha kwenda mbele kwa vidole viwili, gari likaingia majini hadi madirishani, likatokea ng'ambo likijikung'uta. Nilipiga vigelegele peke yangu kama mwenye harusi.

Halikusimama. Kitufe kilikuwa kimezama ndani ya nta yangu na hakirudi. Gari likapanda njia moja kwa moja kwa jirani yangu, aliyekuwa amesimama ng'ambo ile na kitenge kipya cha kanisani. Akakimbia kulia, likagonga jiwe likageuka kulia. Akakunja kitenge, akarukia jiwe la kufulia nguo kama msichana. Mtu anayesema ni mkubwa kuliko mimi! Gari likagonga mgomba, likapinduka, magurudumu yakapepea hewani kama miguu ya mende, huku mjukuu akikwangua rimoti kwa pini ya nywele.

Lilipozimika, watu wote wakamgeukia yule mama. Akashuka. Akafunga kitenge vizuri. Akapiga magoti kwa heshima yote ya kwao, mbele ya gari.

"Shikamoo," akaliambia. Kisha akanitazama mimi. "Nilisema atakayevuka maji. Wewe hata kisigino hakijalowa."

Watu wakacheka mpaka madumu yakaanguka. Nikaona ushindi unanitoroka hivi hivi. Lakini gari halina mdomo wa kuitikia, na mkubwa wake pale nilikuwa mimi.

"Marahaba, mwanangu," nikaitika.