Mlango wa Mbele wa Jumba

Mara ya kwanza Mama Pasi kuingia kwenye lile jumba alikuwa na miaka kumi na sita, na aliingilia jikoni. Miaka hamsini na tano baadaye alikuwa bado anaingilia jikoni. Si yeye peke yake. Kijiji kizima kiliingilia jikoni: waliokwenda mkutanoni, akina mama waliopeleka watoto kupimwa uzito, bibi harusi na shela lake. Hata wageni rasmi walipita ubavu ubavu kati ya sinki na jiko bovu, huku wakitabasamu kama watu waliozoea.

Jumba lenyewe halikujengewa watu wa kupita ubavu. Lilijengwa na tajiri mmoja wa mashamba, ambaye wote walimwita Bwana Mkubwa, hata waliomzidi umri na kimo. Lina ghorofa, nguzo sita, ngazi za mawe, na juu ya ngazi mlango mpana wa mbao nyeusi wenye kipini cha shaba kinene kama ndizi. Kwa mlango huo alipita Bwana Mkubwa na wageni wake. Wengine walizunguka nyuma. Hakukuwa na kibao cha kukataza; kila mtu alijijua tu.

Mama Pasi alikuwa mpiga pasi. Alikaa kwenye chumba cha nyuma, yeye na mkaa wake, na mwenzake alikuwa mpishi, mwanamke mnene mwenye ulimi mfupi na mwiko mrefu. Bwana Mkubwa alipozeeka, akahamia kwa watoto wake mbali, alikiachia kijiji jumba. Akakabidhi funguo za makabati, za stoo na za vyumba vya juu. Ufunguo wa mlango wa mbele haukuwemo, ikasemekana kaondoka nao. Basi jumba likawa ukumbi wa kijiji, Mama Pasi akaachiwa kulitunza, na mlango ukabaki umefungwa. Yeye aliendelea kuung'arisha kila Jumamosi, ndani na nje, na ili kufika upande wa pili alizunguka nyumba nzima na kopo lake la dawa ya shaba.

Jumba hilo lilimlea. Kwenye chumba cha kulia alijifunza kusoma, katika darasa la watu wazima, mtoto mgongoni. Maneno ya kwanza kuyasoma bila msaada yalikuwa ya kwenye kopo lile: tikisa kabla ya kutumia. Sebuleni aliwaoza binti zake wawili. Mvua ilipoangusha nyumba yake, alilala chumba cha pasi miezi minne na wanawe, na hakuna aliyemuuliza atatoka lini. Ukimuuliza ana nini duniani, atakwambia ana watoto wanne, magoti mawili yasiyoelewana, na jumba.

Mwaka huu akaja mkaguzi wa majengo. Akahesabu viti, akafika mia mbili. Akahesabu milango ya kutokea, akafika mmoja, akakwama. Akatoa wiki mbili: mlango wa mbele ufunguke, la sivyo ukumbi ufungwe.

Kamati ikaamua mlango ukatwe kwa msumeno, liwekwe geti la bati. Mama Pasi aliapa hatasema kitu, akakitunza kiapo chake kwa kama dakika tatu.

"Mwenyekiti, mlango huo naupaka mafuta tangu hujaota meno."

"Najua, mama. Lakini ufunguo hatuna."

"Kwa hiyo bati? Sebuleni? Mnafuga kuku?"

"Bati linafunguka, mama."

Ukumbi ukifungwa, wajukuu zake wangeolewa wapi? Lakini mlango ukikatwa, miaka yake hamsini na tano inakwenda na kuni.

Asubuhi ya kukata, akaomba aung'arishe mara ya mwisho. Seremala, mdogo wa marehemu mumewe, akakaa kwenye ngazi, msumeno magotini.

"Shemeji, unamwogesha anayekwenda kuchinjwa."

"Nyamaza. Wewe hata siku ya harusi yako hukung'aa hivi."

Akasugua. Alipofika kwenye tundu la ufunguo, mkono ukasimama. Mpiga pasi hupekua mifuko kwanza, ndiyo kazi yenyewe. Miaka yote ile alikuwa amekuta kwenye suruali za Bwana Mkubwa leso, viberiti, barua, vidonge vya tumbo. Ufunguo, hata siku moja. Kisha akakumbuka siku aliyokuwa akipandisha mashati ghorofani, akamwona Bwana Mkubwa akitoka kwa mlango huu bila ufunguo mkononi.

"Shemeji, mlango huu mliujaribuje?"

"Tulikandamiza kipini mpaka viganja vikaota malengelenge. Mimi, mwenyekiti, na fundi wa vitasa."

"Mlikandamiza. Nani alinyanyua?"

Seremala akatazama viganja vyake.

Mama Pasi akaweka kitambaa chini. Hakuwahi kukishika kipini kile kwa mkono mtupu. Akakinyanyua, akaegemeza bega. Shemeji yake akaja kusukuma. Mlango ukakohoa vumbi la miaka mingi, ukafunguka.

"Haukuwa umefungwa," seremala akasema taratibu.

"Aufunge wa nini? Nani angeingia?"

Mwenyekiti akatokea chini ya ngazi, akaona sebule yote hadi ukuta wa mwisho. "Nakuja," akasema, akazunguka nyuma akaingilia jikoni. Seremala alicheka mpaka msumeno ukaanguka.

Mkaguzi alirudi, akahesabu milango, akafika miwili, akatia sahihi. Lakini siku ya mkutano wa kwanza watu walifuata njia yao ileile ya nyuma, na Mama Pasi akalazimika kusimama juu ya ngazi na ufagio, akiwaelekeza. "Huku. Mbele, nimesema." Wakapanda mmoja mmoja, wengine wakiinama kana kwamba dari ni fupi, wengi wakimshika mkono na kumwambia ahsante mama.

Wa mwisho alikuwa mpishi wa zamani, na fimbo yake. Alifika kizingitini, akatazama sakafu ambayo kwa miaka ishirini ya kupika aliijua kutoka upande wa jikoni tu.

"Mwenzangu, miguu yangu ina vumbi."

"Mfagiaji ni mimi," Mama Pasi akasema. "Pita."