Mizani ya Vifuniko vya Chupa

Niliacha shule nikiwa darasa la nne, lakini sijawahi kuona kitu kilichofungwa nikaacha kukifungua. Nilizunguka na malori mpaka Bunyakiri, nikatengeneza redio, nikachoka. Mwishowe ofisi moja ya mjini Ibanda, kando ya ziwa, ilinichukua niwasaidie kutunga masomo ya sayansi kwa shule zisizo na maabara, na kuwazoeza walimu kuyafundisha. Watoto wa huku ziwani walishika vyombo vya kioo. Wa msituni walinakili picha za vyombo hivyo ubaoni.

Katika somo la mizani niliandika kwa mkono wangu: "Mwalimu alete kifaa ambacho watu wa kwao hupimia." Nilifikiria mizani ya sokoni. Shabunda, kule msituni kwenye dhahabu, sikuifikiria.

Siku ya mtihani wa walimu inspekta aliketi nyuma ya darasa, koti lake la abakosti limefungwa hadi shingoni. Mwalimu mmoja wa Shabunda, mama wa makamo, alisimama mbele ya wanafunzi akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kijiti, vifuniko viwili vya chupa vyenye nyuzi, na njiti za kiberiti. Wanaopima kwa njiti ni wachimba dhahabu, na siku hizo kuchimba bila ruhusa kulimpeleka mtu gerezani. Mume wake alichimba. Mama mwenyewe alikuwa ameninong'oneza hivyo tulipokuwa tukila.

Inspekta akasimama, akamwita mama "raia" kwa Kifaransa, kama serikali ilivyoamuru siku hizo. "Citoyenne, hii kitu iko ya nani?"

Mama akavuta kitambaa kwake. Nikasikia sauti yangu: "Iko yangu, citoyen inspecteur. Ni mimi nilitengeneza, juu ya somo."

"Wewe? Basi tengeneza ingine. Hapa hapa."

Nikavunja kijiti cha ufagio, nikatoboa vifuniko viwili kwa msumari, nikafunga nyuzi zake na uzi wa kuinulia. Nilipoinua, upande mmoja ukaanguka.

"Inalala," inspekta alisema. "Fundi ya namna gani huyu?"

Ndipo mama akawageukia wanafunzi. "Mutazame huyu papa fundi. Amekosea wapi? Nani atamusaidia?"

Msichana wa nyuma kabisa, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, akainua mkono. "Uzi haiko katikati, maman. Asogeze."

"Na kama hawezi kusogeza?"

"Aongeze njiti kwa upande mufupi."

Nikaweka njiti moja, ya pili, ya tatu. Kijiti kikatulia.

Inspekta aliandika kwa muda mrefu. Kisha akaja mbele, akaikunja ile mizani ya kwanza ndani ya kitambaa chake, akampa mama pamoja na karatasi yenye sahihi.

"Umefaulu, citoyenne. Hii mumurudishie mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Mumuambie yake iko sawa kuliko ya fundi wetu."

Hakunitazama. Alipotoka nilifungua daftari la masomo kabla hata jasho halijakauka, nikafuta sentensi yangu, nikaandika: "Mwalimu na wanafunzi watengeneze mizani pamoja, darasani. Asiombwe mtu kuleta cha nyumbani kwake."