Idadi ya Ngamia wa Rukiyo

Mpango mpya wa serikali ulikuwa wa kuuza chakula cha mifugo kwa bei nafuu, ila kwa mfugaji aliyeandikisha idadi ya wanyama wake. Siku ya mwisho ya kujiandikisha, Rukiyo, muuza maziwa wa Griftu, alifika mezani kwa Mutiso, afisa wa mifugo. Ngamia wake walikuwa wamebaki mbavu tupu, lakini kwao idadi ya mifugo haitajwi hadharani, kwa hofu ya kijicho.

“Mama, una ngamia wangapi?”

“Wako.”

“Wangapi?”

“Wale Mungu nilinipa.”

“Kompyuta haikubali hivyo, mama.”

“Basi mimi nataja tabia, wewe hesabu kwa roho. Ule mwizi ya unga. Dada yake, kiziwi. Ule nachukia shemeji yangu...”

Mutiso alibonyeza mpaka mwisho, kisha akajisahau, akasoma kwa sauti: “Jumla, ngamia kumi na—”

“Mashallah!” Rukiyo alipiga ukelele. Foleni nzima ikadakia, na idadi ikazama humo.

Alipokea kibali chake, lakini hakuondoka. Aliyefuata alikuwa Mzee Warfa, mwenye mifugo mingi, naye angehitaji watu wenye koo imara.