Chai ya Mgeni Aliyekaa Uani

Wakati wa korona, msichana wa chuo kikuu alikuja kwetu Mabanga kumhoji mama mkwe wangu kuhusu kilimo. Alikataa mkono, akakataa chai, akaketi uani mbali na mlango. Nikafurahi kimoyomoyo. Kwetu mgeni hakatai chai, sasa atasemwa!

"Mama, nimepita boma nyingi wiki hii," akasema ndani ya barakoa. "Nasikia unavyokohoa. Sitaki nikuletee ugonjwa."

Mama akanigeukia. "Si unaona mtu ananijali?"

Wivu ukanishika. Kwani ni nani humchemshia maji ya kuoga kila asubuhi?

Mgeni alipoondoka, mama akanisogezea kile kikombe cha chai alichokataa. "Kunywa, mwanangu. Wewe huwezi kunikalia mbali."

Nikanywa yote. Chai ilikuwa imepoa. Wivu wangu, bado kidogo.