Fatiha Kwenye Ukuta wa Ngome

Kutoka Tanga hadi Kampala nilipanda mabasi matatu. Binti yangu Zaituni, aliyelelewa na mama yake Kawempe, alikuwa hanijui vizuri. Nilitaka anione baba mwenye asili, si mzururaji tu. Jumapili nikawapeleka yeye na mama yake kwenye makumbusho ya ngome ya kale. Mlangoni palikuwa na kibao cha maelezo, lakini mwenyeji hasomi vibao.

"Babu yake babu yangu alikuwa askari hapa," nikatangaza. "Mawe haya aliyapanga kwa mikono yake. Vueni viatu!"

Tukasimama peku. Nikamsomea Fatiha marehemu huyo kwa sauti, nikaubusu ukuta. Hata wageni wawili wakavua viatu.

Zaituni akanishika mkono kwa mara ya kwanza. "Baba, kumbe sisi ni wa hapa!"

Mlinzi mmoja mzee akatusogelea. "Ssebo, bwana wangu, pole. Ngome ya zamani ilibomolewa, hii imejengwa upya. Huo ukuta niliupanga mimi, na bado sijafa."

Zaituni akaniachia mkono. Akampigia goti yule mzee, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, babu."