Mwaliko wa Prefe Evariste

Mwalimu Athanase alifundisha Kiingereza miaka thelathini na minne katika shule moja ya sekondari ya Bunia, mashariki mwa Kongo. Uingereza hakuwahi kufika, wala hakuona haja. Kiingereza chake alikiokota utotoni, Mahagi-Port, kwa Waganda waliokuja kununua samaki. Baadaye akakisafisha kwa kamusi moja nene, ambayo jalada lake lilipochakaa, mke wake Musoki alilishona upya kwa kipande cha kikwembe, yaani kitenge. Alikuwa mtu mpole, na alicheka kwa mabega tu, sauti haitoki.

Prefe, yaani mkuu wa shule, Evariste, alikuwa wa namna nyingine. Miaka arobaini, suti mbili, na wiki tatu za mafunzo Kampala. Tangu arudi, Kifaransa kilimchosha na Kiswahili kilimpungukia. Hata kuku akiingia ofisini, alifukuzwa kwa Kiingereza.

Siku moja, mbele ya walimu wote, Prefe alisimama akakohoa.

“Mwalimu wetu Athanase, siye wote tunamuheshimu sana. Lakini, vile Waingereza wanasema, sasa iko mu twilight ya maisha yake. Masaa yake tutamupatia Lionel.”

Lionel alikuwa mtoto wa dada yake Prefe. Mwalimu wa hesabu, Bruno, ndiye aliyethubutu kuuliza.

“Prefe, ile twilight ni nini?”

“Ni magaribi. Jua imeshazama, na giza haiyafika bado.”

“Asante, Prefe,” Athanase akasema, akachukua mfuko wake, akatoka.

Nyumbani hakugusa sahani yake ya sombe, majani ya muhogo. Musoki alimtazama mpaka akaeleza yote.

“Magaribi ndio weye?” Musoki akauliza. “Na mimi mwenye kukupita miaka miwili, niko nini? Usiku wa manane?”

Athanase hakucheka. Alilala na lile neno, akaamka nalo. Halikuwa neno baya. Kilichomuuma ni kwamba alitukanwa kwa neno ambalo yeye mwenyewe alilifundisha kwa miaka mingi, tena kwa matamshi mabaya.

Baada ya wiki mbili Evariste alitangaza karamu ya kushangilia cheti chake cha Kampala. Kila mwalimu alipata kadi nzuri yenye pembe za dhahabu, yote kwa Kiingereza. Wanaalikwa Jumamosi, nyumbani kwa Prefe, “at twilight”. Saa haikuandikwa.

Athanase aliisoma kadi mara moja. Aliisoma mara ya pili. Musoki, aliyekuwa akichambua maharagi, akaona mabega ya mume wake yanaanza kutikisika.

“Baba Roger, kuko nini?”

Akafungua kamusi, akaweka kidole. “Sikiliza. Mwangaza wa mbinguni wakati jua haijatoka, ao wakati imeshazama. Yote mawili, neno moja! Siye tuko na alfajiri yetu na magaribi yetu, kila moja na jina lake. Mwingereza hapana. Labda kule kwake baridi inamuzuia kutoka inje kuangalia ni ipi.”

Musoki akaacha maharagi. “Kwa hiyo Prefe anatuita asubui?”

“Kadi haikatazi.”

Kazi iliyobaki ilikuwa ya Musoki. Alipita kwa walimu, akapita kwa mama Adèle wa kwaya. Hakudanganya mtu. Aliuliza tu kila mmoja kama anaijua maana ya kwanza ya neno lile katika kamusi.

Jumamosi, mashariki ikiwa bado ya kijivu, watu ishirini na sita waliovaa nguo za Kanisa walisimama mbele ya lango la Prefe wakiimba kwa sauti tatu. Majogoo wa jirani wakajibu. Mlango ukafunguka kwa nguvu, na Evariste akatokea amejifunga kikwembe cha mke wake, mswaki mdomoni.

“Kuko nini? Tukimbie?”

“Hapana, Prefe,” Athanase akasema kwa upole. “Tumekuja ku fete, ku karamu yako.”

Akamwonyesha kadi, kisha kamusi. Evariste akasoma pale chini ya mwangaza ule ule uliokuwa ukibishaniwa. Midomo yake ikasogea, ikasimama. Nyuma, Bruno akauliza, “Prefe, kumbe mutu akiwa mu twilight, pengine iko tu anaamka?”

Wa kwanza kucheka alikuwa Valérie, mke wa Prefe. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaita watu waingie, akawasha makaa, akaweka maji ya chai. Mbuzi wa karamu alikuwa bado amefungwa kwenye mti, mzima, akiwatazama wageni mmoja mmoja. Wakala mikate ya juzi na parachichi.

Evariste alirudi amevaa suti. Akakaa karibu na mzee.

“Muzee, ile maana ya kuisha kwa maisha, iko pia mu kamusi?”

“Iko. Namba tatu.”

“Na weye uliiruka?”

“Sikuiruka. Nilianzia ku namba moja.”

Prefe akaweka kikombe chake cha chai chini. Halafu akasema, polepole, na kwa Kiswahili kitupu, “Nilikukosea mbele ya watu. Kalasi ya sita ibaki kwako, mpaka weye mwenyewe utasema basi. Na jioni murudi wote, ile mbuzi haitajila yenyewe.”

Walirudi, na hakuna aliyechelewa.

Athanase alifundisha miaka miwili mingine, akaacha siku aliyoichagua. Sasa anafuatana na Musoki kununua vikwembe vya kuuza soko la Ariwara, karibu na mpaka wa Uganda. Mwanzoni yeye ndiye aliyezungumza na Waganda, kwa Kiingereza kizuri sana, na bei ikapanda kila alipofungua mdomo. Siku hizi Musoki anamkalisha juu ya mizigo na kumwomba anyamaze.